Mguu Uliojibu Salamu

1

Kaka yangu Hijja alirudi kutoka makaburini, akaingia uani bila kupunguza mwendo, akaniambia mama kalala vizuri, uso umeelekea kibla, udongo ulikuwa mkavu, tumshukuru Mungu.

Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Kanzu za wanaume waliorudi naye zilikuwa nyekundu hadi magotini, kwa ule udongo wetu wa Kondoa ambao ukishika nguo haubanduki hata ukiloweka siku mbili. Kanzu yake ilikuwa nyekundu kuliko zote, kwa sababu alikuwa mmoja wa walioshuka kaburini.

Kwetu wanawake hatuendi makaburini siku ya maziko. Jeneza likishavuka kizingiti, yanayofuata tunayajua kwa kuambiwa. Ndiyo maana kabla halijatoka nilimshika Hijja mkono wa kanzu nikamwomba jambo moja: atakapokuwa chini aangalie kwa niaba yangu, kisha aje aniambie mama alivyolazwa. Aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amesimama wakati ule, kwa hiyo najua aliyeitikia ni yeye.

Huyu aliyepita mbele yangu sasa alikuwa anasema maneno niliyoyajua. Niliyaandika mimi karakanani, miaka miwili nyuma, mchana mmoja wa joto nikiwa na soda mkononi. Kalala vizuri, nukta. Uso umeelekea kibla, nukta. Udongo ulikuwa mkavu, nukta. Hata pale niliposahau kuandika "mama", mguu ulijua kujaza jina.

Mwanamke mmoja kando yangu alisema, masikini, kijana ana imani huyu, tazama alivyotulia. Mimi niliinuka nikaenda nyuma ya jiko, nisiisikie tena sauti ile.

2

Inanipasa niueleze mguu wenyewe, maana watakaosoma haya baadaye huenda wasiujue.

Mwenye miguu miwili ya nyama hatembei kwa kichwa. Mwili unajitembeza, kichwa kinabaki huru kupiga soga au kuchungulia ya jirani. Ukikatwa mguu ukapewa wa kutengenezwa, kutembea kunahamia kichwani. Kila hatua unaifikiria: kisigino kimetua, goti limejifunga, sasa nihamishe uzito. Mtu akikuita katikati ya hapo, kichwa kinagawanyika, na kinachopunjwa ni mguu.

Karakanani, tunakofunga miguu hiyo, tulikuwa na kipimo chake. Tulichora mstari wa njano kwenye korido, mita ishirini, tukamwambia mgonjwa autembee huku akihesabu kurudi nyuma kutoka mia, akipunguza saba kila mara. Wengine walimaliza mstari wakapoteza hesabu. Wengine walishika hesabu wakashika na ukuta.

Hijja alikuwa mnadi wa mifugo. Kila Jumanne alitembea kati ya mbuzi na ng'ombe akiita bei kwa sauti ambayo watu walikuja kuisikiliza hata wasiokuwa na haja ya mbuzi. Lori la ng'ombe lilirudi nyuma likambana na nguzo ya zizi, mguu wa kushoto ukakatwa juu ya goti. Alipoanza mazoezi kwenye mstari wetu alifika mahali pamoja tu. Mia, tisini na tatu, themanini na sita, sabini na tisa. Hapo alisimama. Kwa miezi minne alisimama kwenye sabini na tisa, mpaka mafundi wenzangu wakaanza kumwita kwa namba hiyo, naye akawaitikia.

Mama alimsindikiza kila siku. Alikaa kwenye benchi la korido na kikapu chake. Aliishia darasa la nne, lakini katika wiki mbili alikuwa ameshajua kushuka kwa saba hadi chini kabisa, akihesabu kwa mkono wa kulia, kidole gumba kikigusa pingili za vidole vingine. Hijja akikwama, mama alimnong'oneza, "Sabini na mbili." Tulimwambia anaharibu kipimo. Akatujibu kwamba kupima ni kazi yetu, yeye amekuja na mtoto wake.

Lakini kilichomuumiza Hijja zaidi haikuwa hesabu. Ilikuwa salamu. Kondoa humpiti mtu kama mti. Aliyekuamkia akishaitikiwa atauliza habari za nyumbani, za wagonjwa, za mvua. Hijja hakuweza kuitikia na kutembea kwa wakati mmoja, hivyo ilimbidi asimame, aupande mguu sawasawa, ajibu, kisha aanze upya. Mwendo wa dakika kumi hadi sokoni ulimla saa nzima. Siku alizopita bila kuitikia walisema mguu wa chuma umempa kiburi. Na msibani ndiko kulikomvunja kabisa. Wabebaji wa jeneza huenda mbio, na huenda wakisoma. Yeye akisoma alibaki nyuma, akitembea alinyamaza. Alipozikwa mjomba wetu alifika makaburini watu wameshapangusa mikono.

Ndipo watengenezaji wakaleta mshika-pili. Ni punje kama mtama, inawekwa chini ya ngozi nyuma ya sikio, nayo inazungumza na mguu. Hatua ikianza kuyumba, inajua jambo la pili limeingia, inalichukua hilo jambo. Mdomo unajibu wenyewe, kwa sauti yako, mkono unapokea, kichwa kinainama. Wewe unabakiwa na kutembea tu. Ukisimama, inakuachia. Yaliyopita kati hapo huyasikii wala huyakumbuki. Kwenye karatasi zao waliyaita upotevu mdogo.

Hijja alirudi mnadani. Mguu uliita bei kwa sauti yake, yeye akatembea. Alinitania kwamba sasa ni mtu pekee wilayani anayelipwa kwa kazi ambayo hakuwepo ilipofanyika.

Punje ilikuja na orodha ya maneno ya desturi. Ilikuwa mistari minne, imeandikwa na mtu wa mbali: habari, nzuri, asante, kwa heri. Tulicheka sana. Nikajitolea kuijaza, kwa sababu mimi ndiye fundi mzaliwa wa hapa. Niliandika shikamoo na marahaba zake, habari za kuamka, za kushinda, za safari. Niliandika pole za kila namna. Hijja mwenyewe aliniomba niongeze na yale yanayosomwa njiani nyuma ya jeneza, asiachwe tena. Nikaongeza. Na mwisho, kwa kuwa nilitaka orodha yangu isiwe na tundu, nikaandika maneno ambayo wanaume husema wakirudi kwa wanawake. Mama ndiye aliyenitajia. Alisema wanaume wote husema hivyohivyo, hata kaburi likiwa limejaa maji.

3

Siku tatu za matanga Hijja hakukaa.

Alitembea kutoka tangi la maji hadi jikoni, jikoni hadi barazani, barazani hadi tangini. Watu waliokuja kutoa pole walimfuata kwa mwendo, na yeye alizipokea akitembea. Tumeshapoa. Kazi ya Mungu haina makosa. Tuko pamoja. Kwa kila pole kichwa kiliinama kidogo kuelekea kulia. Nakumbuka siku nilipochagua kulia. Ilikuwa kulia au katikati, nikaona kulia kuna huzuni zaidi.

Nilijaribu kutomtazama, nikashindwa. Hatua zake zilikuwa sawa kama cherehani. Chakula alikula akitembea, sahani mkononi, na taya zilikwenda kwa kipimo kimoja na miguu, na mara moja niliona ugali umebaki shavuni huku mdomo ukijibu mtu, ukajibu ukamaliza, ndipo ukarudi kutafuna. Nilisikia kinyaa kama nimeona mkono wa mtu umeingizwa ndani ya mdomo wa kaka yangu. Kisha nikakumbuka kwamba mkono ule ni wangu.

Usiku hakuvua mguu. Alisinzia ameegemea ukuta. Akishtuka tu, alianza tena.

Wazee walimsifu. Walisema siku hizi vijana wanalia kama wanawake, lakini huyu kabeba jeneza tangu mlangoni hadi shimoni bila kupokewa, anasoma, hajajikwaa. Shangazi akanong'ona kwamba kweli mama ameacha mwanamume.

Siku ya pili mchana alikuja Erasto, kijana wa watengenezaji, kutoka Dodoma. Ni kijana mwenye adabu. Alivua viatu, akakaa mkekani, akatoa pole yake vizuri, akasubiri kidogo kama inavyotakiwa. Halafu akaniita pembeni akaniambia ana jambo litakalonifariji kama fundi. Akatoa kioo chake cha mkononi.

Mguu ulikuwa umetuma taarifa ya maziko. Hatua elfu nne na mia moja na kumi na mbili, na mzigo begani, njia ya mlima, mvua. Yumbo: hakuna. Jambo la pili: limeshikwa lote. Erasto alinionyesha sehemu aliyoipenda zaidi. Mteja alikuwa ndani ya shimo, udongo wa utelezi, mikono yote miwili ina mzigo. Mguu wa kushoto ukateleza. Hapo, alisema, mguu wowote wa zamani ungemwangusha. Huu ulitafuta wenyewe mahali pa kushika. Ukapata. Sekunde kumi na moja mteja alisimama imara hadi mzigo ukatua. Chini yake mguu uliandika: sehemu thabiti imepatikana.

Aliniomba niwaulize wanafamilia kama wangeridhia taarifa hiyo itumike kuonyesha wateja wengine, bila jina. Kwa jinsi alivyoongea nilijua hakuona ubaya wowote. Nilimwambia hapa ni matangani. Akaomba radhi mara tatu. Nilipoinuka nilihisi harufu ya mpira wa mguu ikipita nyuma yangu, harufu ya jasho lililolala, na sauti ya kaka yangu ikisema tumeshapoa.

4

Nilikuwa na ufunguo. Kila fundi ana ufunguo wa miguu aliyoifunga, na sikuhitaji hata kumkaribia. Asubuhi ya siku ya nne, watu walipokwisha kutawanyika, nilifungua orodha kwenye kioo changu nikaenda hadi mwisho. Sentensi yangu ilikuwa pale, na nukta zake. Niliifuta.

Sikumuuliza. Nilijiambia nafuta uongo wangu mwenyewe. Lakini nilichokitaka hasa ni mtu fulani amuulize tena mama alilazwaje, na safari hii Hijja alazimike kusimama ili ajibu.

Aliyemuuliza alikuwa mzee mmoja wa msikitini ambaye hakuwahi kufika maziko. Nilikuwa naanua mkeka, niliona yote. Mzee aliuliza, kwa upole, akitembea kando yake. Kichwa cha Hijja kiliinama kulia. Mdomo ukafunguka. Hakikutoka kitu. Ukabaki wazi, na miguu ikaendelea, hatua sawa, tangini hadi jikoni, mdomo wazi kama wa samaki sokoni, na mate yakaanza kuteremka kidevuni. Mzee aliacha kumfuata. Hijja alizunguka uani mara mbili hivyo, ndipo mdomo ukajifunga.

Niliona haya ambayo sijawahi kuona. Nilichukua mkoba wangu nikaenda kazini bila kuaga.

5

Alikuja karakanani saa sita. Wenzangu walikuwa wamekwenda kula. Alisimama mlangoni, kwenye mwanzo wa mstari wa njano, na aliposimama uso wake ulibadilika, ukazeeka.

"Umegusa mguu wangu," alisema.

"Nimefuta sentensi moja."

"Watu wanasema nimepigwa kiharusi. Shangazi anatafuta mafuta ya kunichua."

Nilimwambia akae. Hakukaa. Alisema ananiomba, yeye kama kaka yangu mkubwa, niirudishe sentensi ile, na hatauliza kwa nini niliifuta. Nilimjibu kwamba siku ile nilimwomba jambo moja tu, na akaniletea maneno yangu mwenyewe, eti udongo ulikuwa mkavu, mvua ikimtiririka masikioni.

"Sikukudanganya, Mwajabu. Sikuwepo."

"Njiani hukuwepo. Kaburini ulikuwepo. Mle hamna pa kutembea."

Nilijua wakati ule kwamba nimegusa penyewe, na kwamba alilijua hilo kabla yangu, na kwamba siku nne zote alikuwa anatembea ili asifikiwe na mtu mwenye akili ya kuliwaza. Alikaa kwenye benchi lilelile la mama.

Nilipiga magoti nikamvua mguu, kwa sababu mikono yangu ilihitaji kazi. Soksi ya mpira ilitoka kwa shida. Harufu iliyotoka nayo ilinijaza macho machozi. Ngozi ya kigutu ilikuwa nyeupe na mikunjo, kama vidole vya mtu aliyefua kutwa, na pembeni palikuwa na kidonda kinachotoa usaha wa njano. Siku nne. Na mguu haukusema lolote, kwa kuwa yeye hakuyumba.

Niliugeuza mguu niusafishe. Udongo ulikuwa umekaukia kwenye mifereji ya unyayo. Niliukwangua kwa bisibisi. Katika mfereji wa kisigino palikuwa na uzi, mrefu kama kidole, mweupe chini ya wekundu. Nilidhani ni wa kanzu. Niliuvuta. Ulikuwa mzito kuliko uzi wa kanzu, wa pamba isiyosokotwa vizuri. Nilikuwa nimekata kitambaa cha namna ile kwa mkono wangu, asubuhi ya maziko, vipande vitano vya sanda.

Hijja hakuangalia nilichokishika. Alianza kusema, akitazama ukuta.

Alisema alishuka na wanaume wawili. Wao walipokea miguu na kiuno, yeye akapokea kichwa. Mama alikuwa mwepesi, alisema, lakini maji yalikuwa yameingia kwenye sanda, na kaburi lilikuwa jembamba. Alikuwa ameinama, viganja vyote viwili chini ya kichwa chake, anamshusha polepole ili shavu lifike kwenye udongo lisigonge. Hakuwa na fikra nyingine duniani. Hapo mguu wa kushoto ukateleza. Hakuuhisi, alihisi kiuno chake mwenyewe kikishuka. Kisha ukasimama. Akashukuru.

"Halafu nikasikia," alisema.

Sikumuuliza alisikia nini.

"Mkono wake wa kulia ulikuwa umeteleza pembeni, ndani ya sanda. Mguu ulikuwa unatafuta kitu kigumu, ukakiona. Nilisikia, Mwajabu. Sikuhisi kitu. Nilisikia tu."

Angeunyanyua mguu angeanguka juu ya mama na kichwa cha mama mikononi. Asipounyanyua, anamkanyaga. Wenzake hawakuona, maji na tope vilifunika. Alichagua kusimama. Alimlaza shavu, akafungua kamba ya sanda kichwani kama alivyofundishwa, na muda wote huo alikuwa juu ya mkono wake kwa uzito wake wote, akijua. Alisema hajui ilikuwa muda gani.

Mimi nilijua. Sekunde kumi na moja. Sehemu thabiti imepatikana. Nilikwenda nyuma ya pazia la kupimia, nikauweka uzi ule kwenye beseni safi.

Niliporudi aliniomba kwa mara ya pili. Alisema nikiweza kufuta sentensi naweza kuirudisha. Mtu akimuuliza, mguu utasema kalala vizuri, watu wataridhika, na yeye hatakuwepo kusikia akisema. Akitembea haumii. Mnadani atatembea, nyumbani atatembea. Alisema haya kwa utulivu, kama mtu anayeagiza chumvi.

Ilikuwa rahisi. Sentensi ilikuwa bado kwenye kapu la vilivyofutwa. Kidole kimoja tu. Na nilifikiri: nina haki gani ya kumrudishia mtu maumivu ambayo amepata pa kuyaweka? Bila mshika-pili ataipoteza kazi ya mnada, atarudi kusimama kila hatua kumi, watu wamwite mwenye kiburi. Mimi nina miguu yangu miwili. Kisha nilikitazama kile kidonda. Nikafikiri juu ya mdomo ule wazi, ukizunguka uani. Mguu ule ulikuwa umemsimamisha juu ya mama, ukajipongeza, na sasa unamtembeza ili asilitaje, na vyote viwili uliviandika kwa neno moja, salama.

Nikamwambia jambo jingine. Wanaume hawaingii anapooshwa mwanamke. Hijja hakuwa ameuliza mtu kuhusu chumba kile, kama nami nisivyoweza kuingia kaburini. Nilimweleza. Nilimwambia mimi ndiye niliyeosha mkono wa kulia. Ulikuwa umekauka hivi, kidole gumba kimegusa pingili ya pili ya kidole cha kati, kama anavyohesabu. Mwoshaji aliniambia niunyooshe. Niliupaka maji ya uvuguvugu, nikauminya, haukunyooka. Nikaukandamiza kwa magoti. Nilisikia pia. Nilimwambia hivyo, kwamba mimi pia nilisikia, na kwamba mwoshaji alisema hapo hapana mtu wa kuumia, anayeumia ni aliye hai, endelea.

Hijja aligeuka akanitazama kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Pingili ya pili," alisema.

"Ya kidole cha kati."

Alihesabu kwenye mkono wake mwenyewe, taratibu, akitafuta ilikuwa namba gani. Kisha alilia, kwa sauti mbaya, ya kukwaruza, bila kipimo chochote, kamasi zikimfika mdomoni. Haikuwa nzuri kutazama, na nilikaa nikaitazama.

Baadaye sana alisema, "Futa yote."

Nilimkumbusha mnada. Akasema ataita bei amesimama, mbuzi ndio watakaotembea.

"Hata ya shikamoo?"

"Hiyo mama alinifundisha mimi. Hakuufundisha mguu."

Niliizima punje, kisha nikafuta mstari mmoja mmoja, nikimsomea. Ilituchukua mchana mzima, kwa sababu kwenye mingine alikuwa na la kusema.

6

Siku ya arobaini tulikwenda makaburini, mimi na yeye. Wanawake kwetu huruhusiwa siku hiyo kufika uzioni.

Erasto alikuwa amenipigia mara mbili. Alisema mguu wa kaka yangu umeanza kutuma taarifa mbaya, yumbo nyingi, vituo vingi, huenda kuna hitilafu. Nilimwambia hakuna hitilafu. Kuhusu sekunde zile kumi na moja nilimweleza ukweli, kwa sentensi mbili. Akasema ataifuta taarifa ile. Nikamwambia asiifute, aandike vizuri kilichokuwa chini.

Mnadani wamempa mkokoteni wa kupanda, anaita bei akiwa juu yake. Wachuuzi wanamwita mheshimiwa, wanamuuliza kama anagombea ubunge. Wateja wake wamepungua. Sitaki kuandika kwamba yote yalikuwa mema.

Njia ya makaburini ni ile ya mlima. Wabebaji waliipanda kwa nusu saa. Sisi ilitumalizia asubuhi. Alitaka kunieleza njia, hapa walipokezana upande wa nyuma, hapa mvua ilizidi, na hakuyakumbuka, aliyasikia kwa wengine. Lakini kila alipotaka kusema alisimama, akaupanda mguu, akasema, akanyamaza, akatembea. Tulikutana na mama mmoja na mzigo wa kuni. Hijja alisimama. Aliamkia, akauliza wajukuu, mvua, jino lililokuwa likimsumbua. Mama wa watu alitua mzigo kabisa.

Mlima ulipokuwa mkali zaidi aliacha kuzungumza. Nilimsikia akianza, chini kwa chini, bila kusimama. Mia. Hatua. Tisini na tatu. Hatua mbili, goti likachelewa, akalingoja. Themanini na sita. Alikuwa anatoka jasho. Uzio ulikuwa umeshaonekana.

"Sabini na tisa," alisema, akasimama.

Nilingoja. Alikuwa anatazama mbele, mdomo umefunguka kidogo, na safari hii nilijua ni wake. Upepo ulipita kwenye majani. Hakuna aliyekuwa kwenye benchi.

Nilimsogelea sikioni, lile lililo na punje, nikamnong'oneza.

"Sabini na mbili."

Akainua mguu.